Livingstone alipokwama Kabambare

Sisi wa Maniema tunapozungumza juu ya kusikia sauti ya Mungu, tumkumbuke mgeni mmoja aliyekaa kwetu.

David Livingstone, mmisionari na mganga kutoka Scotland, alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, Septemba 1869, akiutafuta mto Lualaba. Julai 1870 vidonda vya miguu vikamrudisha hapo. Kwa siku karibu 80 hakutoka nyumbani, na aliondoka Februari 1871 tu. Akiwa Maniema alisoma Biblia nzima mara nne.

Je, alipata majibu yote? Hapana. Aliendelea kuamini kwamba Lualaba ni Nile, kumbe ni mto Kongo. Tena alikula chakula cha wafanyabiashara wa watumwa na kusafiri nao.

Lakini tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe, watu wa wafanyabiashara hao waliua mamia, wengi wao wanawake. Livingstone alikataa kuendelea nao, akarudi Ujiji. Habari aliyoiandika ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, watumishi wake walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda.

Nasi, ugonjwa au vita vikitufungia njia, tufungue Neno. Tusiite kila tamaa yetu sauti ya Mungu. Tujipime hivi: baada ya kusoma, je, kilio cha jirani tunakisikia?