Barghash alileta maji mjini. Sisi Mombasa twangojea nini?

Hapa Liwatoni siku yangu huanza kwa kelele za mikokoteni. Wauza maji hupita alfajiri na mitungi ya lita 20, na mwenye haja hutoa pesa. Bahari ya Kilindini iko chini yetu, visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na mfereji una siku zake. Katika kungojea huko hujikuta nikimfikiria mtu aliyefariki zaidi ya miaka 130 iliyopita: Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja, ambaye Mombasa nayo ilikuwa chini ya bendera yake.

Barghash alikuwa mmoja wa watoto wengi wa Seyyid Said, yule aliyehamishia makao yake kutoka Maskati hadi Unguja. Baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, Barghash alikuwa naye safarini, na tangu hapo alikitamani kiti. Kiti kikaenda kwa ndugu yake, Majid. Mwaka 1859 akaasi, akisaidiwa na baadhi ya dada zake, lakini Waingereza wakamuunga mkono Majid. Barghash akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay kwa kiasi cha miaka miwili.

Uhamisho ule ulikuwa adhabu, lakini pia ulikuwa shule. Miaka hiyohiyo Bombay ilikuwa ikikamilisha bwawa la Vihar, lililopeleka maji ya bomba mjini. Kijana aliyekulia kwenye maji ya visima akaishi katika mji uliokuwa ukijifunza kufungua mfereji.

Majid alifariki mwaka 1870, na Barghash akatawala. Aliupokea mji uliokuwa umetoka tu kupigwa na kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu ya watu. Mwaka 1872 kimbunga kikavunja majahazi na kung'oa mikarafuu. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mwaka 1875 akazuru London.

Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kumkumbuka kwa mawili. Januari mwaka huohuo wa 1875, akida wake wa hapa, Muhammad bin Abdallah, alipoasi ndani ya Ngome, manowari za Kiingereza ziliipiga Ngome mizinga hadi akasalimu amri. Tena hakuwa mtawala wa kubembeleza. Alitaka neno lake lifuatwe.

Lakini mtu huyo mkali ndiye aliyewapa watu wake maji. Kaskazini mwa mji wa Unguja, upande wa Bububu, kuna chemchemi. Barghash aliyavuta maji yake kwa mfereji na mabomba ya chuma mpaka mjini, kwa fedha zake mwenyewe, na wananchi wakachota bila malipo. Alijenga pia hamamu ya watu wote, akaleta mtambo wa kuchapa vitabu, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib. Jumba lile ndilo wageni hupiga picha, ila kwangu mimi bomba lile ni kubwa zaidi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya majonzi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana bara na kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi. Mwaka uliofuata akaikodisha sehemu ya mwambao, Mombasa ikiwemo, kwa kampuni ya Waingereza. Machi 1888 akafariki, na kaburi lake liko hukohuko Mji Mkongwe.

Sasa nieleze kwa nini namtaja. Barghash aliweza kwa sababu chemchemi, njia ya bomba, mji na mfuko wa fedha vyote vilikuwa mkononi mwake. Mombasa ya leo haina hata kimoja kikamilifu. Maji yetu hutoka Mzima, kaunti ya Taita Taveta. Marere na Tiwi, kaunti ya Kwale. Na Baricho, kaunti ya Kilifi. Mabomba makubwa yako chini ya wakala wa serikali kuu, mifereji ya majumbani iko chini ya kampuni ya kaunti, na kampuni hiyo hununua maji kabla ya kutuuzia. Bwawa la Mwache, linalokusudiwa kutupunguzia kiu, nalo liko Kwale, kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Sitamani sultani arudi. Zawadi ya mtawala hutegemea moyo wake, na moyo hubadilika. Sisi tuna kitu bora: Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema maji safi na ya kutosha ni haki ya kila mtu, na Sheria ya Maji ya 2016 imegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Lakini kugawa kazi bila kupanga pamoja ndiko kunakomfanya kila mmoja amnyooshee mwenzake kidole, huku mkazi wa kijiji chenye chemchemi akiliona bomba likimpita naye hana maji.

Kaunti sita za pwani zina jumuiya yao. Naomba zikae na serikali kuu zitunge mpango mmoja wa maji, wenye nguvu ya sheria, unaotaja fungu la wenyeji wa vyanzo, nani analipa deni gani, na fedha za ukarabati zisizoguswa kwa shughuli nyingine. Mkono mmoja wa Barghash hatunao. Sheria ndiyo itakayoiunganisha mikono yetu mingi.

Nasi wakazi tuna sehemu yetu. Bajeti ya kaunti haipitishwi bila wananchi kuitwa kutoa maoni. Mkutano ujao ukitangazwa, mimi nitakwenda, na swali langu ni moja: mwaka huu mmetenga kiasi gani cha maji, na mmekubaliana na nani? Ndugu zangu wa Liwatoni, Mji wa Kale na kwingineko, twendeni pamoja.