Bibi Marie Curie na Mionzi Iponyayo

Bibi Marie Curie alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Warsaw, nchi ya Poland, iliyotawaliwa na Warusi siku zile. Chuo kikuu cha mji huo hakikupokea wanawake. Basi alifundisha watoto wa matajiri, akamsaidia dada yake kwa fedha ajifunze udaktari mjini Paris. Na mwaka 1891 naye akamfuata.

Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie, mtaalamu kama yeye. Mwaka 1898 wakavumbua radiamu, itoayo mionzi isiyoonekana kwa macho. Katika banda lenye kuvuja, Bibi huyu alichemsha na kukoroga mawe tani kadhaa, hata mwaka 1902 akapata sehemu ya kumi tu ya gramu moja ya chumvi ya radiamu. Wangaliweza kutajirika kwa kuificha njia yao, lakini waliwapa watu wote bure.

Pierre alijiwekea radiamu mkononi, ikamtia kidonda kama cha moto. Ndipo ilipotambulikana ya kuwa kitu kiunguzacho mwili mzima chaweza kuharibu na uvimbe wa kansa. Maana mionzi huziondolea chembe za kansa nguvu ya kuzaliana. Chembe nzima nazo huumia, lakini hujitengeneza vizuri zaidi. Kwa hiyo dawa hii hugawanywa kwa kipimo, siku kwa siku, mara nyingi kwa majuma kadhaa.

Bibi Curie aliishika radiamu miaka mingi bila kinga, akafa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, uliodhaniwa kuletwa na mionzi.

Siku hizi mashine huelekeza mionzi penye uvimbe, kama ifanywavyo Ocean Road, Dar es Salaam. Walakini wako katika sharika zetu waogopao, wakimtenga hata mgonjwa aliyerudi. Na wajue ya kuwa mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mama aliyetibiwa hivyo aweza kumpakata mtoto wake. Kweli ngozi huwaka na uchovu huja. Wala si wote waponao, wengine hupunguziwa maumivu tu. Lakini wengi hupona, hasa wajao mapema.

Basi, ninyi waalimu, daktari akimtuma mgonjwa, msimkawize. Mwombeeni, kisha msindikizeni njiani.