Harriet Jacobs: Mtumwa aliyenyimwa sifa ya kitabu chake

Kwa miaka mingi ya karne ya 20, wasomi kadhaa wa Marekani walikichukulia kitabu cha maisha ya kijakazi aliyejiita Linda Brent kuwa hadithi ya kubuni iliyotungwa na mwanamke Mzungu. Kumbe aliyekiandika ndiye aliyeyaishi yaliyosimuliwa humo. Jina lake halisi lilikuwa Harriet Jacobs.

Jacobs alizaliwa mwaka wa 1813 mjini Edenton, jimbo la North Carolina, na wazazi waliokuwa watumwa. Mamake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka sita. Mwanamke aliyemmiliki, Margaret Horniblow, ndiye aliyemfunza kusoma na kushona. Mwanamke huyo alipoaga dunia mwaka wa 1825, wosia wake ulimrithisha Harriet kwa mtoto wa umri wa miaka mitatu. Hivyo akawa chini ya amri ya babake mtoto huyo, daktari James Norcom.

Msichana huyo alipobaleghe, daktari alianza kumwandama akimtaka kimapenzi. Katika juhudi za kumkwepa, Harriet aliingia katika uhusiano na wakili Mzungu, Samuel Tredwell Sawyer, akamzalia watoto wawili, Joseph na Louisa. Lakini kisheria watoto hao nao walikuwa watumwa.

Mwaka wa 1835, alipotambua kuwa wanawe wangepelekwa kufanya kazi shambani, alitoroka. Hakwenda mbali. Alijificha darini katika nyumba ya nyanyake, Molly Horniblow, aliyekuwa mwanamke huru. Dari hiyo ilikuwa na urefu wa futi tisa na upana wa futi saba, na mahali palipoinuka zaidi hapakuzidi futi tatu. Hakuweza kusimama wima. Alikaa humo kwa karibu miaka saba, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu alilolitoboa ukutani. Sawyer alikuwa amewanunua kupitia kwa mfanyabiashara wa watumwa, wakawa wanaishi na nyanya huyo.

Hata humo gizani kalamu ilimfaa. Alimwandikia Norcom barua zilizoonyesha kana kwamba zimetoka New York, naye akadhani mtoro wake yuko mbali.

Mwaka wa 1842 alifaulu kusafiri kwa meli hadi Philadelphia, kisha New York, ambako aliajiriwa kuwa yaya katika familia ya mwandishi Nathaniel Parker Willis. Sheria ya mwaka wa 1850 kuhusu watumwa watoro ilizidisha hatari ya kukamatwa, hadi mkewe Willis, Cornelia, alipomnunulia uhuru kwa dola 300 mwaka wa 1852.

Marafiki walimhimiza asimulie maisha yake. Harriet Beecher Stowe, aliyekwisha kupata umaarufu mkubwa, alitaka kukitumia kisa hicho katika kitabu chake mwenyewe. Jacobs alikataa. Aliandika usiku, kwa siri, baada ya kumaliza kazi za ulezi. Kitabu kilitoka Boston mwaka wa 1861 kwa lakabu ya Linda Brent, kikiwa kimehaririwa na Lydia Maria Child. Kwa kuwa jina la mhariri ndilo lililojulikana, baadaye wengi walidhani yeye ndiye mtunzi.

Wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Jacobs aliwahudumia watu waliokimbia utumwa, na mwaka wa 1864 yeye na bintiye Louisa walifungua shule mjini Alexandria, Virginia. Alifariki Washington mnamo Machi 7, 1897.

Katika miaka ya 1980, mtafiti Jean Fagan Yellin alitumia barua za Jacobs mwenyewe kuthibitisha kuwa kitabu ni chake na kwamba watu waliosimuliwa humo waliishi kweli. Toleo lililochapishwa mwaka wa 1987 likamrejeshea haki yake. Mwanamke aliyekataa kumpa mwingine kisa chake alikuwa amefariki miaka 90 kabla ya sifa hiyo kumrudia.