Don Bosco na Mafundi Wadogo

Katika Bel-Air, mtaa mmoja wa mji wa Lubumbashi, na katika mitaa mingine ya mji ule, jina la Don Bosco si geni. Maseremala wengi, na mafundi wa chuma na wa injini, walijifunza kazi yao katika shule za wana wake. Lakini yeye mwenyewe hakufika Kongo hata siku moja, wala hakukanyaga udongo wa Afrika. Alikufa mwaka 1888, na wakati huo mji wa Lubumbashi haujajengwa. Hii ni habari ya maisha yake.

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 huko Becchi, kijiji kidogo cha wakulima katika Italia ya kaskazini. Baba yake Francesco alikufa kwa ugonjwa wa mapafu mwaka 1817, na Yoane alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, akabaki na wavulana watatu wa kulisha: Antonio, aliyezaliwa na mke wa kwanza wa marehemu, na Yosefu, na Yoane. Nyanya yao mgonjwa pia alikuwa nyumbani. Mwaka ule njaa kubwa ikaingia katika nchi. Fedha walikuwa nazo kidogo, lakini hapakuwa na mtu wa kuwauzia chakula. Basi Margherita akapiga magoti, akasali. Kisha akaingia zizini, akachinja ndama, na watoto wakala.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa Yoane aliota ndoto. Aliona wavulana wengi wakicheza uwanjani, na wengine walikuwa wakitukana. Akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Ndipo akatokea mtu mwenye vazi jeupe, akamwambia kwamba rafiki hawa hatawapata kwa mapigo, ila kwa upole. Yoane hakuifahamu ndoto ile, lakini hakuisahau maisha yake yote.

Alitamani kuwa padri. Kwa hiyo alitaka kusoma, na kwa ajili ya kusoma alipata taabu nyumbani. Antonio, kaka yake, alikuwa mtu wa jembe. Yeye mwenyewe alikua na kupata nguvu bila kusoma, akaona vitabu ni uvivu tu. Kila alipomkuta mdogo wake na kitabu alikasirika, na mara nyingine alimpiga. Mwishowe, mwezi wa Februari, mama alimtoa Yoane nyumbani ili amani irudi. Kijana akaondoka na kitita cha nguo mkononi, akaenda kutafuta kazi kwa watu wasiomjua. Jamaa ya Moglia wakampokea kuwa mchunga ng'ombe, akakaa kwao karibu miaka miwili.

Baadaye alipata njia ya kwenda shule, lakini karo na chakula alipaswa kuvitafuta kwa mikono yake. Huko Castelnuovo alikaa kwa mshona nguo, akajifunza kutia vifungo, kupinda nguo na kukata suruali. Alifanya kazi pia kwa mhunzi, akajua kushika nyundo na kuvuta mivukuto. Huko Chieri alitumika katika duka la kahawa, akajifunza kutengeneza vitu vitamu; usiku alilala katika nafasi nyembamba chini ya ngazi. Wakati ule aliona kazi hizi ni njia tu ya kupata mkate. Hakujua kwamba siku moja zingemfaa sawasawa na vitabu vya seminari. Akapewa upadri tarehe 5 Juni 1841 katika mji wa Torino. Kwa lugha ya Kiitaliano padri huitwa Don, na tangu siku ile watu walimwita Don Bosco.

Wakati huo Torino ulikuwa unakua upesi. Nyumba mpya zilijengwa kila upande, na wavulana wengi walishuka kutoka milimani kutafuta kazi. Walibeba matofali na chokaa tangu alfajiri mpaka jioni. Wengi hawakuwa na jamaa mjini, wala mahali pa kulala. Kazi ilipokwisha walitangatanga, wakaona njaa, wakaiba, wakafungwa. Padri mmoja mwema, Yosefu Cafasso, alimpeleka Don Bosco gerezani kuwaangalia wafungwa. Humo akaona vijana wenye afya na akili, wenye umri wa miaka 12 mpaka 18, wakikaa bila kazi na kuliwa na wadudu. Tena aliona jambo lililomchoma moyo zaidi: wengine waliofunguliwa, na walioahidi kwa machozi kuishi vema, alikutana nao tena gerezani baada ya siku chache. Akawaza sababu yake. Akaona kwamba walipotoka hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwapokea, wala hawakujua kazi ya kuwalisha.

Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria, Don Bosco alikuwa akivaa mavazi ya Misa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Kijana mmoja akaingia, akasimama akitazama. Mlinzi wa sakristia alimwamuru atumikie Misa; naye alipojibu kwamba hajui, mlinzi akashika fimbo ya ufagio wa manyoya akampiga, akamfukuza. Don Bosco akaudhika, akamtuma mlinzi yule yule amwite kijana, maana ni rafiki yake. Kijana akarudi akitetemeka. Jina lake Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, mtumishi wa waashi, mtu wa Asti. Don Bosco akamwuliza kama anajua kusoma: hapana. Kuandika: hapana. Kuimba: hapana. Mwishowe akamwuliza kama anajua kupiga mluzi, naye Bartolomeo akacheka. Kumbe aliona haya kwenda katekisimu, kwa sababu watoto wadogo walijua kuliko yeye. Baada ya Misa wakasali pamoja Salamu Maria, na mafundisho yakaanza pale pale. Jumapili iliyofuata Bartolomeo hakuja peke yake.

Punde wakawa makumi, kisha mamia. Lakini mamia ya wavulana hupiga kelele, na hakuna aliyependa kuwa jirani yao. Don Bosco na watu wake walihama mahali baada ya mahali, wakifukuzwa hata katika majani ya shamba. Siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, wakapata banda la Bwana Pinardi katika mtaa wa Valdocco. Paa lilikuwa chini mno, hata ikabidi kuchimba sakafu ili mtu apate kusimama. Mwezi wa Julai Don Bosco akaanguka kwa ugonjwa mkubwa, kifo kikawa karibu. Vijana wakafunga na kusali. Wengine waliokuwa waashi walifanya kazi kutwa kwenye jua kali bila kunywa tone la maji, ili Mungu amponye. Akapona.

Mwezi wa Novemba alirudi Torino pamoja na mama yake. Margherita alikuwa na umri wa miaka 58, naye aliishi kwa raha na wajukuu wake kijijini, lakini alikubali kuwa mama wa watoto wa watu. Walikwenda kwa miguu. Fedha zilipokwisha, wakauza kipande cha shamba, na mama akatoa nguo zake za arusi na mkufu wake.

Wageni wa kwanza waliolala kwao waliwalipa vibaya. Walipewa majani makavu, shuka na mablanketi. Asubuhi Don Bosco alikuta wamekimbia na mablanketi yote. Mtu mwingine angalifunga mlango. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa Mei 1847, yatima mmoja akabisha hodi, amelowa maji mwili mzima. Alikuwa mwashi aliyekuja kutafuta kazi, na fedha zake zimekwisha. Margherita, akiyakumbuka mablanketi, aliona mashaka kidogo. Hata hivyo akampa supu, akamkausha motoni, akamtandikia kitanda cha matofali na mbao jikoni. Kabla ya kulala akamwambia maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini. Safari hii hakuna kitu kilichopotea. Baada yake wakaja wengine, wengine, wengine.

Siku moja Margherita alichoka kabisa. Vijana walikuwa wamecheza vita katika bustani yake, wakakanyaga mboga zote. Akamwambia mwanawe kwamba hawezi tena, anarudi kijijini. Don Bosco hakubishana naye. Alimwonyesha tu msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, machozi yakamjaa, akachukua kikapu chake cha nguo za kushona.

Vijana walilala kwa Don Bosco, lakini mchana walikwenda kufanya kazi mjini. Basi siku za kazi yeye alizunguka, akapanda hata juu ya majengo, ili kuona hali yao. Aliona mabaya mengi. Tajiri huyu humtuma mwanafunzi sokoni na kumlisha mtoto wake, wala hamfundishi kazi. Yule humpiga, na mwingine humtwisha mzigo usiolingana na mwili wake. Mtoto hathubutu kusema neno, maana akifukuzwa atakula nini?

Ndipo Don Bosco akatumia karatasi. Akaandika mkataba, na tajiri akatia sahihi, na kijana akatia sahihi, na Don Bosco akatia sahihi pia. Mkataba mmoja wa Novemba 1851 ni wa kijana aliyekwenda kujifunza kazi ya vioo kwa miaka mitatu. Tajiri alipaswa kumlipa lira 1 kwa siku katika mwaka wa kwanza, lira 1 na nusu katika mwaka wa pili, na lira 2 katika mwaka wa tatu, na kumpa siku 15 za kupumzika kila mwaka. Mwingine, wa tarehe 8 Februari 1852, ni wa Giuseppe Odasso, aliyekwenda kwa seremala. Humo seremala anaahidi kumfundisha kazi yake yote, asimpe kazi nyingine isiyo ya useremala, wala kazi ipitayo nguvu zake. Kijana akikosa, ataonywa kwa maneno tu. Jumapili na sikukuu ni zake. Naye kijana anaahidi kuwa mtii na mwenye bidii, na baba yake yuko pale kumdhamini. Ni karatasi tu, lakini katika siku zile tajiri hakuzoea kuahidi kitu kwa mtoto maskini mbele ya mashahidi.

Hata hivyo mikataba haikutosha, kwa sababu njiani na katika viwanda vijana waliendelea kusikia matusi na kuona mabaya. Kwa hiyo mwaka 1853 Don Bosco alianza kiwanda cha viatu ndani ya nyumba yake. Viatu vilishonwa katika ukumbi mwembamba, na Padri mwenyewe aliketi kwenye benchi, akagonga soli ili kuwaonyesha wengine. Washona nguo nao wakaanza, na hapo yale aliyojifunza huko Castelnuovo yakamfaa. Mwaka 1854 wakaja wajalidi wa vitabu, mwaka 1856 maseremala. Mwisho wa mwaka 1861 alipata ruhusa ya kupiga chapa, na baada ya hapo wakaja wahunzi.

Mambo hayakwenda sawa tangu mwanzo. Mafundi aliowaajiri kutoka mjini walijitafutia faida, na baadhi yao waliwafanya vijana kuwa watumishi wao. Don Bosco alibadili utaratibu mara kadhaa. Mwishowe aliwapata watu wa kutegemewa: ndugu watawa wasio mapadri, waliotoa maisha yao kwa Mungu huku wakishika randa, sindano na nyundo. Wao na mapadri walikuwa wa shirika moja, Wasalesiani, lililoanza tarehe 18 Desemba 1859. Mama Margherita hakuliona, kwa maana alikufa mwaka 1856, naye hakuacha mali yoyote. Mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, Don Bosco alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1875 wamisionari wa kwanza wakapanda meli kwenda Argentina. Kiongozi wao, Padri Cagliero, alikuwa zamani mmoja wa wavulana wa Valdocco.

Don Bosco alikufa tarehe 31 Januari 1888, mwenye umri wa miaka 72, mwili wake umechoka kabisa. Siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934, Papa Pio XI alimtangaza kuwa mtakatifu.

Mwaka 1911 Wasalesiani wa kwanza, wakiongozwa na Padri Joseph Sak, walifika Katanga. Mji wa Lubumbashi, ulioitwa wakati ule Elisabethville, ulikuwa na umri wa mwaka mmoja. Reli ilikuwa imefika, shaba ilianza kuyeyushwa, na vijana walikuja kutoka vijiji vya mbali kutafuta kazi, kama wale wa Torino. Mapadri na ndugu wale walifungua shule ya watoto, tena shule ya kazi za mikono. Baadaye kazi zilifundishwa pia huko Kafubu, nje ya mji. Leo katika mji wa Lubumbashi nyumba ya Bakanja hupokea watoto waliokuwa wakilala njiani, na katika Cité des Jeunes vijana hufundishwa ufundi. Asubuhi huingia wakiwa na vitabu, na mchana husimama mbele ya meza za kazi.