Johannes Rebmann, Mtu Aliyeamini Asiyoyaona

Kila mwanafunzi wa historia amelisikia jina la Johannes Rebmann. Wengi wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani tu, ya kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848. Tukiisha kuandika hayo twamwacha. Lakini mtu huyu aliishi miaka 28 baada ya siku ile, na habari za miaka hiyo ndizo zenye mafunzo zaidi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari, 1820, huko Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma katika chuo cha wamisionari cha Basel, Uswisi, kisha Uingereza, na chama cha CMS kikampeleka Afrika ya Mashariki. Alifika Mombasa mwezi wa Juni, 1846, akamkuta Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf. Huyu Krapf alikuwa amemzika mkewe na mtoto wake mchanga papo hapo Mombasa miaka miwili nyuma. Basi Rebmann alijua tangu mwanzo kazi ile ina gharama gani. Mwaka ule ule wakaweka makao yao Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, kati ya watu walioitwa Wanyika wakati ule, nasi leo twawaita Wamijikenda.

Mwezi wa Aprili, 1848, Rebmann alishika njia kwenda Uchagga pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wao, Bwana Kheri. Mkononi alikuwa na mwavuli. Liwali wa Mombasa alikuwa amemwonya asiupande mlima ule, kwa kuwa una majini wengi. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima, mfano wa wingu. Alipouliza ni nini, kiongozi hakuwa na jina lake, akajibu kuwa ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, alielewa mara moja.

Habari zake zilichapwa Uingereza mwaka 1849, wakubwa wa elimu wakazikataa. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga Afrika, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Krapf naye aliuona mlima Kenya mwezi wa Desemba mwaka huo, naye akakanushwa vile vile. Ilikuwa mpaka mwaka 1861, Baron von der Decken alipofika Kilimanjaro, ndipo maneno ya Rebmann yalipopata shahidi. Hiyo ni miaka 13 ya kuhesabiwa kuwa mtu wa kuota ndoto.

Lakini kudharauliwa na wenye elimu hakukuwa jaribu lake kubwa. Mwaka 1849 alikwenda Machame mara ya pili, akitumaini kupita mpaka Unyamwezi. Mangi Mamkinga na watu wake wakamwishia vitu vyake vyote vya safari, akarudi Rabai mikono mitupu, tena mgonjwa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake, na mwenzao wa tatu, Erhardt, akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki na mkewe Emma. Mtoto wao wa pekee alikufa angali mchanga. Mwaka 1857 Wamasai walivamia nchi ile, nao wakakimbilia Unguja, kisha wakarudi wakaanza tena. Mwaka 1866 Emma naye akafariki.

Na matunda ya kazi yalikuwa nini? Wa kwanza kubatizwa alikuwa kilema mmoja, jina lake Mringe, naye alifariki mara baada ya ubatizo. Waliomfuata walikuwa wachache mno. Kwa muda mwingi Rebmann alikaa na vitabu vyake, akiandika maneno ya Kinyika, ya Kiswahili, na ya lugha ya Nyasa aliyofundishwa na mtumwa aliyetoka huko. Kisha macho yakaanza kufifia. Macho yale yale yaliyoiona theluji hayakuweza tena kusoma maandishi ya mkono wake mwenyewe. Hata hivyo hakuondoka.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29, ndipo alipokubali kurudi kwao, akiwa kipofu, akiongozwa na kijana Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akafariki tarehe 4 Oktoba, 1876.

Mtu aweza kusema kwamba maisha hayo yalipotea bure. Nami nakiri kuwa, kwa kuhesabu kwa vidole, ni vigumu kumjibu. Lakini tutazame yaliyofuata. Mwaka 1877 kamusi yake ya lugha ya Nyasa ilichapwa. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame, pale pale alipoachwa mikono mitupu, na leo Uchagga umejaa makanisa. Rabai nako Ukristo haukufa. Katika hayo yote Rebmann hakuona hata moja.

Hapo ndipo naona maana ya imani. Theluji aliiona kwa macho, akawataka watu wa Ulaya waamini neno lake, wakakataa. Mavuno hakuyaona kamwe, naye aliliamini neno la Mungu, akalima. Nayo theluji ile sasa inapungua mwaka hata mwaka.

Shuleni hapa tu watu wa dini mbalimbali, lakini sote twaweza kujifunza kwa mtu huyu. Wako walimu wanaotufundisha wasijue tutakuwa watu gani, na wazazi wanaouza ng'ombe na kahawa kwa ajili ya karo wasijue mwisho wake. Nasi tunaomaliza mwaka huu tusiidharau kazi kwa sababu matunda yake hayajaonekana. Mpanda mnazi si lazima anywe dafu lake.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne