RUBANI TOM CAMPBELL BLACK

Sisi wa Eastlands tumezoea ngurumo za ndege za Eastleigh. Je, msomaji, wamjua rubani Tom Campbell Black? Mwingereza huyu alizaliwa 1899. Mwaka wa 1929 akawa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni ya Bi. Florence Wilson hapa Nairobi. Mwaka wa 1931 alimwokoa rubani Mjerumani, Ernst Udet, aliyekwama na ndege yake kule Sudan. Mwaka wa 1934, yeye na mwenzake Scott walishinda mashindano ya kuruka kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, kwa chini ya siku 3. Sifa zikaenea kote! Lakini mwaka wa 1936, huko Liverpool, hata hajapaa, ndege nyingine ikaigonga yake uwanjani, akafa. Kweli, ajali haina kinga.