Ralph Bagnold: Mwanajeshi Aliyejifunza Mwendo wa Mchanga

Vumbi linapotimka shambani wakati wa kiangazi, upepo unahamisha ardhi mbele ya macho yako. Leo tunamkumbuka mtu aliyetaka kujua upepo hufanyaje kazi hiyo.

Ralph Bagnold alizaliwa Uingereza mwaka 1896. Alipigana Vita vya Kwanza vya Dunia, akasomea uhandisi Cambridge, kisha jeshi likampeleka Misri. Huko, wakati wa likizo, yeye na wenzake waliingia jangwani kwa magari ya Ford. Yalikwama mara nyingi. Wakajifunza kupunguza upepo wa matairi ili gari lisizame, na kufuata njia kwa kivuli cha jua, kwa kuwa chuma cha gari kilipotosha dira.

Alistaafu mwaka 1935, akajenga London handaki dogo la kupitishia upepo juu ya mchanga, akaanza kupima. Aliona kuwa mchanga hauelei hewani kama vumbi. Chembe huruka kama panzi, na inapotua huzirusha nyingine. Hivyo upepo huzipandisha upande wenye mteremko mdogo wa kilima, nazo huporomoka upande wa pili. Polepole, kilima kizima huhama. Kitabu chake kuhusu jambo hili kilitoka mwaka 1941.

Vita vya Pili vilipoanza, alirudishwa jeshini na kupangiwa Afrika Mashariki. Njiani, meli yake iligongana na nyingine katika Bahari ya Mediterania, naye akaishia Misri. Mwaka 1940 alianzisha kikosi cha magari kilichovuka jangwa hadi nyuma ya majeshi ya Italia nchini Libya. Maarifa ya likizo yakawa silaha.

Mwaka 1977, akiwa tayari mzee, alialikwa kuzungumza na wanasayansi wa Marekani kuhusu majangwa ya dunia yetu na ya sayari ya Mirihi. Alifariki mwaka 1990, kabla ya watu kuwa na hakika kwamba vilima vya mchanga vya Mirihi navyo huhama. Hewa ya huko ni nyepesi mno, haifiki hata asilimia 2 ya uzito wa hewa yetu, na wengi walidhani haiwezi kuvisogeza.

Mwishoni mwa mwaka 2015, gari la roboti Curiosity lilifika kwenye vilima vyeusi vya Mirihi vilivyopewa jina la Bagnold. Ulikuwa msimu wa upepo dhaifu, na mchanga ulisogea kidogo tu. Mwaka 2017, katika msimu wa upepo mkali, picha zilionyesha mchanga umesogea ndani ya siku moja.

Mwaka wa Mirihi una siku 687 za kwetu, lakini nao una majira yake ya upepo. Na wanasayansi wanapokadiria mwendo wa mchanga huo, bado huanzia kwenye vipimo vya mtu ambaye gari lake lilikwama jangwani.